Nakshi ndani ya saa ya babu: kazi ya mkono au chapa?

SWALI: Assalaam alaykum fundi, na shikamoo. Mimi ni mwalimu wa skuli, naishi Wete. Marehemu babu yetu alituachia saa ya mfukoni ya fedha, ya kutia ufunguo kwa nyuma. Ina makasha mawili, moja ndani ya jingine, na baina yake pana karatasi ya duara iliyochapwa maandishi ya Kizungu. Nilipofungua kioo na kuiinua mashine, nikakuta kibati cha rangi ya dhahabu kilichotobolewatobolewa na kuchorwa majani na maua. Kimeshikwa kwa skrubu moja, na penye shingo yake pana kijisura cha mtu. Pembeni limeandikwa jina nisiloweza kulisoma vyema, kisha "London" na nambari. Fundi mmoja wa huku kaniambia nakshi ile ni ya kupigwa chapa tu, haina maana, ila yeye yuko tayari kukinunua kile kibati peke yake. Kaka yangu anataka tuisugue ing'are. Tena sura ile inamkera, anasema ni sanamu. Mwanangu anataka kuivaa siku ya harusi yake. Je, nakshi hii ni ya mkono kweli? Na tuifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam, na marahaba mwanangu. Mtu akikwambia kitu hakina maana, kisha papo hapo akataka kukinunua, basi ushajua moja katika maneno yake mawili si kweli. Kibati hicho usikiuze. Kwa ulivyoieleza, saa yenu ni ya Kiingereza, ya karne ya 18 au mwanzoni mwa karne ya 19, na nakshi yake imechorwa kwa mkono. Lakini sitaki uniamini kwa maneno matupu kama ulivyotakiwa umwamini yule. Nitakueleza namna ya kulihakikisha jambo hili mwenyewe, kwa macho yako, ukiwa umekaa kwako Wete.

Kwanza ujue kibati chenyewe kina kazi gani. Chini yake pana gurudumu la mizani, lile linalokwenda na kurudi na kutoa sauti ya saa. Mhimili wa gurudumu hilo ni mwembamba mno, na ncha yake ya juu lazima ipate pa kusimamia. Kibati ndicho kinachoishika. Kwa kazi hiyo tu, ukanda mfupi wa shaba usio na pambo ungetosha kabisa. Mwaka 1675 Mholanzi Christiaan Huygens alitangaza springi nyembamba ya kuzunguka inayotiwa kwenye gurudumu la mizani, na toka hapo saa za mfukoni zikawa na mwendo wa kutegemewa, hata akrabu ya dakika ikawa na maana ya kuwekwa. Gurudumu likakuzwa, na kibati cha kulifunika kikakua pamoja nalo. Wachoraji wa London wakajikuta wamepewa uwanja, wakautumia.

Milango yetu ya Mji Mkongwe nakshi yake inaelekea njiani, kila mpita njia aione na amjue mwenye nyumba. Saa hizi ni kinyume chake: nje kasha la fedha laini lisilo na kitu, na pambo lote limo ndani, anayeliona ni mwenye saa, fundi wake, na yule anayefunguliwa makusudi ili aonyeshwe.

Sasa hiyo skrubu moja uliyoitaja. Hiyo ndiyo habari kubwa katika barua yako, kuliko hata jina na neno "London". Waingereza walikishika kibati kwa mguu mmoja upande mmoja, skrubu moja. Mafundi wa Ufaransa, Uswisi na Uholanzi kwa kawaida walikifanya daraja, miguu miwili, skrubu huku na skrubu huku. Na hapa ndipo waghushi wengi wa zamani wanapokamatwa. Katika karne ya 18 jina la London lilikuwa na soko, basi zikatengenezwa saa nyingi nje ya Uingereza, hasa kwa biashara iliyopitia Uholanzi, zikaandikwa "London" na majina ya kubuni kama Tarts na Wilter. Uso wa saa hizo mara nyingi una mstari wa dakika uliopindwa mfano wa matao madogo juu ya kila saa, na ndani mna daraja la skrubu mbili. Aliyeandika jina la uongo hakujihangaisha kubadilisha na kibati.

Kwa hiyo jina nalipa uzito mdogo kuliko alama zote. Hata penye saa ya Kiingereza ya haki, jina lile aghlabu ni la mwenye duka aliyeiuza. Mashine ghafi ilitoka Prescot, huko Lancashire, ikapelekwa kumaliziwa penginepo, khasa mtaa wa Clerkenwell katika London. Mmoja alikata magurudumu, mwingine akafanya kamani, yaani springi kubwa inayoiendesha saa, mwingine akafanya kasha, na kibati kikapita kwa watu ambao kazi yao ilikuwa vibati tu. Aliyechora majani yale jina lake halimo popote. Alichokiacha ni mkono wake, na mkono unasomeka.

Tafuta lenzi ya fundi saa, ile ya kubana jichoni, inayokuza mara 10. Kaa karibu na dirisha asubuhi, mwanga uingie kwa ubavu, jua lisikupige moja kwa moja. Tandika kitambaa cheupe mezani, ili kikianguka kitu ukione. Usifungue skrubu yoyote, yote ninayokueleza yanaonekana kibati kikiwa pale pale kilipo.

Tazama mwanzo wa mstari mmoja, tuseme ule wa mshipa wa katikati ya jani. Mchoraji alitumia kalamu ya chuma kigumu iliyonolewa ncha kwa mshazari, kitako chake kikiwa cha mbao na kimekaa ndani ya kiganja. Hapigi nyundo. Anayepiga nyundo anatumia tindo, na alama za tindo ni vituo vituo. Huyu anasukuma kwa kiganja, na kwa mkono wa pili anaizungusha kazi yenyewe, iliyokaa juu ya mto wa ngozi uliojazwa mchanga. Ukitaka kupinda mstari hupindi kalamu, unageuza shaba. Kwa hiyo mstari wa mkono huanza kwa ncha nyembamba mno, ukanenepa pale alipoinua kiganja na kuzamisha ncha, kisha ukakonda tena hadi ukapotea. Unene wake haulingani kwa urefu wote. Na shaba iliyokuwamo imetoka, imekatwa ikatupwa, imebaki mfereji wenye kuta mbili zinazokutana chini kwa pembe kali. Kila ukuta ni laini, unarudisha mwanga. Igeuze saa polepole mkononi: ikiwa nakshi ni ya kukatwa, utaona mng'aro unaruka kutoka jani hili kwenda jani lile, huku unazima na kule unawaka.

Chapa haifanyi hivyo. Chapa haitoi shaba, inaibonyeza. Mfereji wake una chini ya mviringo au bapa, kingo zake zimelala, na mstari una kina kile kile toka mwanzo hadi mwisho. Ukiugeuza kwenye mwanga, unang'aa wote pamoja au unafifia wote pamoja. Na nakshi iliyoliwa kwa tindikali ina chini iliyoparuza, yenye vishimo vidogo vidogo.

Kisha linganisha kushoto na kulia. Michoro mingi ya karne ya 18 ina jani upande huu na mwenzake upande wa pili. Hesabu mikato iliyomo ndani ya kila jani. Kulia minne, kushoto mitatu na nusu. Huku jani limepinda zaidi kidogo, kule ua lina petali iliyobanwa kwa kuwa nafasi ilimwishia. Wapo watu wakiona hivyo husema kazi ni mbovu. Mimi hapo ndipo ninapotulia. Mtu aliyekuwa akilipwa kwa kipande, na vipande vingi vikimngoja, hakuwa na haja ya kupima kila petali. Ukibahatika utaona na mkwaruzo mwembamba uliotoka nje ya jani, ncha ya kalamu ilipoteleza. Yeyote kati yetu masonara anayechora bangili au kuandika jina ndani ya pete anaujua mkwaruzo huo, na anajua pia mtu husema nini unapomtokea.

Jambo la tatu ni matundu. Yale maeneo yaliyo wazi baina ya majani yalianza kwa keekee, yakakatwa kwa msumeno mwembamba, yakamaliziwa kwa tupa ndogo. Chungulia kuta za ndani za tundu: utaona mistari ya msumeno ikishuka, na kwenye pembe kali utaona msumeno ulivyosimama na kugeuka. Tundu lililokatwa na mashine ya kupiga lina ukingo wa juu uliolainika na kushuka kidogo ndani, na chini lina makali. Kama una macho mazuri, kuta za matundu zitakuambia upesi kuliko hata michoro, kwa sababu juu pamefutwa na miaka lakini mle ndani hakuna kidole kilichofika.

Ikiwa una jamaa Unguja au Pemba mwenye saa ya mfukoni ya Kimarekani, iweke pembeni ulinganishe. Zimo nyumbani kwa watu wengi, na si ajabu, Wamarekani walifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833. Kampuni iliyokuja kuitwa Waltham ilianza mwaka 1850 kwa azma ya kutengeneza saa kwa mashine, na baadaye vibati vya saa za Kimarekani vikapambwa mistari ya mawimbi na miduara ya kupendeza. Ni pambo zuri, lakini limefanywa na mashine: wimbi la kwanza na la arobaini halina tofauti. Zipo pia saa za Fleurier, Uswisi, zilizotengenezwa katika karne ya 19 kwa soko la China, ambazo mashine yote, si kibati tu, imejaa majani kutoka ukingo hadi ukingo. Mwenye nayo asidhani ni ya Kiingereza. Na usije ukafikiri ufundi huu umekufa: huko Glashütte, Ujerumani, nyumba ya A. Lange & Söhne, iliyotokana na karakana ya mwaka 1845, hadi leo huchora kwa mkono kibati cha gurudumu la mizani cha kila saa.

Umri. Kijisura ulichokiona shingoni ni pambo la Kiingereza la karne ya 18. Utazame na mguu wa kibati, ile sehemu pana iliyokalia skrubu. Ikiwa nao umetobolewa kama sehemu ya duara, saa huenda ni ya kabla ya miaka ya 1780. Ikiwa mguu ni mzima, umechorwa tu bila matundu, basi ni ya miaka ya mwisho ya karne hiyo au inayoingia karne ya 19. Baadaye zaidi hata duara lenyewe liliachwa bila kutobolewa, na wachoraji wakapewa kazi ya haraka haraka. Ukiweka vibati vya nyakati hizo pamoja, utaona subira ya mafundi, au tuseme subira ya waliowalipa, inavyopungua.

Kasha litakupa mwaka kwa uhakika zaidi. Ndani ya kasha la fedha la Kiingereza mna mihuri midogo. Simba anayetembea maana yake fedha ni safi kwa sehemu 925 katika 1000. Kichwa cha chui ni London, na hadi mwaka 1821 kilivaa taji, kisha kikavuliwa. Nanga ni Birmingham, ambako ofisi ya mihuri ilifunguliwa 1773. Pana herufi moja, nayo ni mwaka: London walikwenda A mpaka U, wakaiacha J, zikawa herufi 20 kwa miaka 20, kisha wakabadilisha umbo la herufi na kuanza upya. Ndiyo maana nahitaji picha ya herufi yenyewe, kuniambia "ni M" hakutoshi. Ukikuta na kichwa cha mfalme kwa ubavu, kasha hilo haliwezi kuwa la kabla ya 1784, maana ndipo muhuri huo wa kodi ulipoanza. Angalia pia kama nambari iliyochorwa kwenye mashine imeandikwa ndani ya kasha. Zikiwa sawa, kasha na mashine huenda zimekuwa pamoja toka dukani.

Utaona vile vile ndani ya kasha mikwaruzo ya maandishi madogo, nambari na pengine herufi za jina. Hizo ni alama za mafundi walioisafisha saa miaka iliyopita, kila mmoja akiweka alama yake ili akiletewa tena aitambue. Usizifute. Na ile karatasi ya duara ni ya fundi au muuzaji. Aliiweka ili makasha mawili yasisuguane, na papo hapo ikamtangazia biashara. Jina na mtaa vilivyomo humo vitakueleza saa hii ilipita wapi, kuliko hadithi yoyote. Nasema hivyo kwa sababu kila saa ya zamani inayoletwa kwangu huletwa na hadithi kwamba ilikuwa zawadi ya Sultani. Zanzibar ilikuwa bandari, saa zilinunuliwa, zikauzwa, zikawekwa rehani, zikabadilishwa kwa karafuu. Babu yenu kaipata kwa njia mojawapo, na si lazima iwe ya ikulu.

Sasa tuje kwa kaka yako na kusugua kwake. Hapa nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe. Sisi shaba zetu tunazijua: dele la kahawa, sinia, misumari ya mlango, yote husuguliwa kwa ndimu na majivu, au kwa ukwaju, yakarudi mapya. Yanarudi kwa sababu ni shaba mpaka ndani, ukisugua ngozi moja unaikuta nyingine. Kibati cha saa si hivyo. Kimechovywa dhahabu, na kwa njia ambayo siku hizi hakuna mwenye akili atakayeifanya chumbani mwake. Dhahabu iliyeyushwa ndani ya zebaki ikawa uji mzito, ukapakwa juu ya shaba iliyokwisha kuchorwa, kisha kikawekwa motoni. Zebaki ikapaa mvuke, dhahabu ikabaki imeshikana na shaba. Waliofanya kazi hiyo walivuta mvuke ule kila siku, na zebaki iliwaharibu: mikono ikitetemeka, meno yakilegea. Kampuni ya Elkington ya Birmingham ilipopata hati ya kuchovya kwa umeme mwaka 1840, njia ile ya moto ikaanza kuachwa.

Tabaka hilo ni jembamba. Majivu ni mchanga, ndimu ni tindikali, na dawa za kopo za kung'arisha shaba zina vyote viwili kwa namna yake. Ukisugua mara moja tu dhahabu inaondoka kwenye migongo ya majani, shaba inatokeza, na baada ya wiki chache za hewa ya bahari inakuwa nyeusi kuliko mwanzo. Lililo baya zaidi, zile kingo kali nilizokuambia zirudishazo mwanga zinalainika. Nakshi iliyosuguliwa inafanana na chapa, na hapo fundi wenu wa awali atakuwa amepata ushahidi wake. Tena zile skrubu za chuma zenye rangi ya buluu zimepewa rangi hiyo kwa moto, nayo hutoka kwa kusuguliwa, wala hairudi ila kwa moto wa mtu anayejua.

Cha kufanya ni kidogo mno. Mpira wa kupulizia upepo, ule wa kupulizia kamera, puliza vumbi. Brashi laini kavu ya rangi za maji, upitishe kwa upole juu ya kibati bila kugusa gurudumu lililo chini. Basi. Usipulize kwa mdomo, mate yana maji. Kasha la nje la fedha lifute kwa kitambaa laini cha pamba, mihuri na mikwaruzo ya ndani uiache.

Na tafadhali msiitie ufunguo. Najua hamu ya kuisikia inalia. Ndani ya saa hii kamani haivuti magurudumu moja kwa moja. Inavuta mnyororo wa chuma mwembamba uliozungushwa kwenye gurudumu lenye umbo la pia, ili nguvu iwe sawa saa inapokuwa imejaa na inapokaribia kuisha. Mnyororo huo umeungwa pingili moja moja kwa mkono. Toka miaka ya 1790 mji wa Christchurch, kusini mwa Uingereza, ulikuwa maarufu kwa kazi hiyo, na waliofanya wengi wao ni wanawake na wasichana, macho yao yakaishia humo. Pingili moja ikiwa na kutu, ukiijaza saa inakatika kwa nguvu yote ya kamani, na mnyororo unachapa kila kilicho karibu. Msitie mafuta ya cherehani wala mafuta ya taa. Mafuta ya zamani yaliyomo yamekauka yakawa gundi, ukiongeza mapya juu unakusanya vumbi tu.

Mkitaka itembee, itahitaji fundi aliyewahi kuzishika saa za ufunguo. Muulize kabla ya kumpa: kibati hiki utakitoaje? Akikwambia "nafungua skrubu nakivuta," ichukue saa yako uende zako. Chini ya mguu wa kibati mna vijiti viwili vidogo vinavyokaa ndani ya matundu, na ncha ya mhimili imeingia juu yake. Kikiinuliwa upande, ncha inakatika, na ncha ya saa ya miaka 200 hainunuliwi dukani Darajani. Fundi anayejua atakwambia kwamba kwanza atatoa nguvu yote ya kamani, kisha atakiinua wima, sawasawa, bila kukitikisa. Asikubali mtu kukigusa kwa moto wala risasi ya kuchomelea. Na kabla hujaiacha kwake ipige picha mashine, kibati kwa karibu, na nambari. Sisemi mafundi ni wezi. Nasema picha hupunguza maneno.

Kwa nini yule alitaka kibati peke yake? Mambo haya yana historia. Mwishoni mwa karne ya 19 saa nyingi za namna hii zilivunjwa, fedha na dhahabu ya makasha ikayeyushwa, na vibati vilivyobaki vikaungwa kuwa mikufu na vikuku vya wanawake wa Kizungu. Hadi leo hutafutwa kwa kutengenezea vidani. Dhahabu iliyomo haina uzito wa kuuza. Kinacholipiwa ni nakshi. Lakini kibati kimoja bila saa hupata bei ndogo, na saa isiyokuwa na kibati chake ni mzigo wa vipuri. Mkiitathmini kwa mirathi, itathminini nzima, na makasha yake, na karatasi yake. Msitarajie bei ya kiwanja, maana saa hizi zilitengenezwa kwa wingi mno na jina la London halizifanyi adimu. Msikubali pia bei ya fedha ya kilo.

Sura ile si picha ya mtu fulani. Wachoraji walikuwa na mtindo wa kuweka kinyago penye shingo ya kibati, pengine kinatabasamu, pengine kimekunja uso. Kama kinamkera kaka yako kwa upande wa dini, suala hilo alipeleke kwa sheikh, mimi wangu ni ufundi. Ninaloweza kusema ni kwamba likifika mahali pa kuchukua tupa na kukifuta, bora saa ikauzwa nzima kwa mtu asiyekereka.

Masika ya Pemba ni adui wa chuma. Itie kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na uvibadilishe mara kwa mara. Usiifunge kwa mpira wala kuizungushia kitambaa cha sufu, vyote vina salfa inayoifanya fedha iwe nyeusi. Na isikae kabatini mnamofukizia nguo udi. Moshi wa udi una mafuta, yanaingia kwenye kila tundu la nakshi na kushika vumbi.

Bwana harusi aivae. Sioni kosa, saa ilitengenezwa iwe mwilini mwa mtu. Ivaliwe haikujazwa ufunguo, makasha yote mawili yamefungwa, ndani ya mfuko wa kizibao chini ya joho, na mkufu ufungwe kwenye tundu la kifungo ili ikichomoka isifike sakafuni. Asiifungue kuwaonyesha watu, mkono wa mwenye kula biriani una mafuta na chumvi. Usiku ule ule muipokee saa, mlifute kasha jasho, muirudishe chomboni. Na kama atavaa jambia, saa ikae upande wa pili, kwani ala ya jambia hukwaruza fedha.